Barabara Tuliyoisogeza Kando ya Mtaro

Juzi nilipita ofisini kwenu kuchukua nakala ya barua yangu ya kustaafu. Mmoja wenu, binti mwenye miwani, akaniuliza akiwa nyuma ya kompyuta yake, "Shikamoo mama. Eti zamani mlikuwa mnapangaje barabara bila hivi vitu?" Nikamwitikia marahaba, na kwa kuwa bajaji ilikuwa inanisubiri nje nikamjibu harakaharaka, "Tulikuwa tunakosea kwa penseli." Mkacheka wote, na mie nikacheka, nikaondoka.

Nilipofika nyumbani Kipawa lile jibu halikuniacha. Nimepanga barabara na vituo vya daladala vya mji huu tangu nikiwa msichana wa sketi ndefu mpaka nimekuwa bibi wa wajukuu wanne. Makosa yangu mengine bado yapo na nyie mnayapita kila asubuhi mkienda kazini. Nimeona bora niwaandikie, tena mapema, maana mkisubiri kuyasikia kwenye hotuba za kuniaga mtaambiwa yale mazuri tu.

Nianze na dogo. Mwaka wangu wa kwanza nilipewa kupanga vituo vya njia ya Pugu. Nilikaa na ramani, nikapima umbali sawasawa kati ya kituo na kituo, vikajengwa na vibanda vya kujikingia jua. Baada ya miezi miwili nikaenda kuvitazama kwa fahari. Kituo kimoja nikakuta abiria wote wamesimama hatua hamsini mbele, kwenye kivuli cha ukuta wa duka la mchele. Ndani ya kibanda changu walikuwamo mbuzi watatu, wamelala, wanacheua bila wasiwasi. Niliyekwenda naye ni Mzee Nandonde. Alitazama kibanda, akawatazama mbuzi, akasema, "Hongera mwanangu. Hawa nao walikuwa hawana pa kukaa." Jua la saa nane lilikuwa linaingia kibandani moja kwa moja. Ramani yangu haikuwa na jua.

Huyo Mzee Nandonde ndiye aliyenifundisha kazi, na shahada hakuwa nayo. Alikuwa mtu wa Newala, mwembamba, mpole, na cheo chake kilikuwa mhesabu magari. Alikuwa anakaa barabarani tangu alfajiri na punje za mahindi mfukoni. Gari likipita, punje moja inahama kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto. Zikitimia kumi anapiga mstari mmoja kwenye daftari. Fomu za ofisi zilikuwa na safu za magari madogo, mabasi na malori. Yeye alijichorea safu yake pembeni kwa kalamu nyekundu, akaiandika "miguu". Nilimuuliza ya nini, maana hakuna bosi aliyeitaka. Akaniambia, "Hii ni ya kwangu. Nikikaa kutwa nzima nahesabu vyuma tu, naona kama nimewadharau watu."

Sasa nije kwenye lile kubwa.

Kati ya Kipawa na Tabata kulikuwa na shida mnayoijua. Watu walikuwa wanajenga kwa kasi upande wa ndani, nyumba juu ya nyumba, na njia ya kutokea ni moja. Ikiziba, imeziba. Ikapatikana fedha ya mkopo ya kujenga barabara ya kuunganisha pande mbili. Masharti yalikuwa yanaeleweka: iwe ya njia mbili, iwe na upana fulani, na eneo likabidhiwe likiwa wazi kabla ya tarehe waliyoipanga. Tukichelewa, fedha inahamia mji mwingine uliokuwa umejipanga tayari. Kazi ya kuchora nikapewa mie.

Nilitandaza picha ya angani mezani nikaona mtaa mmoja mpana, mnyoofu, katikati kabisa ya pale nilipotaka kupita. Hapa nitauita Kisimani. Karibu hakuna nyumba ya kuvunja. Nilidhani nimeokota dhahabu. Nikachora mstari, nikaukoleza, nikampelekea bosi wetu, Injinia Masanja, na yeye akaupenda palepale. Injinia Masanja alikuwa mtu wa haraka, mwenye sauti ya kupita kuta, lakini moyo wake ulikuwa safi. Alikuwa ameihangaikia ile fedha miaka mingi.

Ikabidi tufanye mkutano wa wananchi. Niliuitisha Jumanne, saa nne asubuhi. Mnaona kosa? Saa nne ya Jumanne Kisimani wamebaki nani? Walikuja wazee kumi na mmoja, wakanisikiliza kwa adabu, wakanywa soda, wakasaini. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa, Bi Zuhura, alikuwa Kigoma kwa ndugu zake. Nilirudi ofisini na karatasi ya saini nikaandika kwenye ripoti kwamba wananchi wameridhia. Msije mkaandika neno hilo kirahisi. Wale wazee waliridhia soda.

Wiki chache baadaye nikaenda na vijana wawili wa vipimo na dereva kupigilia vigingi na kuandika zile X nyekundu za kubomolewa. Tulipokata kona kuingia Kisimani dereva akafunga breki. Barabara yangu yote ilikuwa imefungwa. Kulikuwa na maturubai matatu, viti, majamvi, masufuria makubwa juu ya mafiga, na watu wengi ajabu. Mwalimu mstaafu wa shule ya msingi alikuwa amefariki, na nusu ya mtaa ilikuwa imesoma kwake.

Dereva akataka kupiga honi. Nikamshika mkono. Nikashuka peke yangu kutoa pole, nikiwaza nirudi upesi tupange siku nyingine. Mama mmoja akanipokea mlangoni mwa turubai la wanawake, akanitazama miguuni, akasema, "Vua viatu mwanangu, karibu jamvini." Kabla sijajieleza nimeshapewa kanga ya kujifunga na ungo wa mchele.

Nikaketi nikachambua mchele. Kulia kwangu mama wa Kimakonde, kushoto mama wa Kipare kama mie, mbele yangu wasichana wanamenya vitunguu. Wanaongea kama wanawake waongeavyo kazini, kwa sauti ya chini lakini bila kusita. Mara nikasikia:

"Hivi umesikia wanaleta barabara hapahapa?"

"Nimesikia. Tena ya malori."

"Sasa wakishaleta, maiti zetu tutaziweka wapi? Mie nyumbani kwangu ua wenyewe kitanda hakigeuki."

"Hata harusi ya Mwanaidi ilikuwaga hapa. Na maulidi. Na wale wa kanisani kongamano lao si walifanyia hapa?"

"Walikuja kuuliza?"

"Waliwauliza akina mzee Shomari, wakawapa soda."

Walicheka. Mie nikainamia ungo. Ningeweza kunyamaza, na mngeniuliza leo ningewaambia kunyamaza kulikuwa rahisi kabisa, maana hakuna aliyenijua. Lakini nilikuwa nimevaa kanga yao. Nikasema, "Jamani, aliyechora hiyo barabara ni mie."

Vitunguu vikasimama. Yule mama wa Kimakonde alinigeukia taratibu, akanitazama usoni, halafu akatazama ungo wangu.

"Wewe?"

"Mie, mama."

"Basi chambua vizuri huo mchele, umeacha chenga tupu."

Jamvi zima lilicheka mpaka mtu akaja kutukanya kwamba wenzetu wako kwenye dua. Hakuna aliyenifukuza. Nilikaa mpaka tulipopakua. Wale wa vipimo nao waliitwa, wakala, na dereva akasaidia kubeba viti. Siku ile hatukupigilia kigingi hata kimoja.

Njiani kurudi nilikuwa naona aibu, na nyuma ya aibu kulikuwa na hofu. Aibu niliijua sababu yake. Hofu ilikuwa ya Injinia Masanja.

Nikaanzia kwa Mzee Nandonde. Nilimkuta chini ya ngazi za ofisi anakunywa kahawa. Nikamweleza yote. Hakunipa pole wala hakunilaumu. Akauliza tu, "Umeshahesabu?"

"Nimehesabu magari."

"Twende tukahesabu mtaa."

Tulikaa Kisimani siku saba, kuanzia alfajiri mpaka adhana ya magharibi, kila mtu na kiti chake na punje zake. Kaeni hivyo japo mara moja. Hizo kamera zenu ni nzuri, ila hazimuulizi mtu anakwenda wapi. Tuliona magari machache na miguu isiyokwisha. Tuliona jambo jingine ambalo mie peke yangu nisingeliona. Watu waliokuwa wanatokea ndani, upande wa Kipawa, hawakuwa wanapita Kisimani. Walikuwa wanatokeza nyuma ya nyumba, wanashuka kwenye mtaro mkubwa wa maji ya mvua, wanaufuata ukingoni mpaka Tabata. Mzee Nandonde akavua kofia, akajipepea, akasema, "Barabara yako ipo tayari. Imekosa lami tu."

Bi Zuhura alipokuwa amesharudi kutoka Kigoma, nilikwenda kumwomba mkutano mwingine. Ni mwanamke mfupi, mkali, aliyekuwa anauza vitenge, na alikuwa amenikasirikia kwelikweli. Hakunipa hata maji. Akasema, "Jumapili saa tisa. Watu wametoka kanisani, wamekula, na kabla ya magharibi tumeshaachana. Na usilete soda."

Walijaa. Kisimani walikuja wote, na nilikuwa nimeomba waje pia wale wa ndani, maana mkutano wa kwanza niliwasahau hao kabisa, na barabara yenyewe ilikuwa inajengwa kwa ajili yao. Wa Kisimani wakaongea kwanza, na kila aliyesimama alitaja msiba wake. Yule aliyefiwa na mume, yule aliyefiwa na mtoto. Ilikuwa inagusa. Nikaona jambo limekwisha, barabara haipiti.

Akasimama dada mmoja mwalimu, Rehema, wa upande wa ndani. Akasema kwa utulivu, "Poleni sana. Ila nyie mnataka pa kuwekea maturubai, na sie tunataka pa kupita na wagonjwa. Mie mwanangu wa pili nilimzalia kwenye bajaji, hapo kwenye foleni, watu wananichungulia. Ningependa na sie tuzikane tukiwa wazee."

Ndugu zangu, hapo ndipo kazi yenu ilipo. Vitabu vitawafundisha kupambanua mwenye haki na asiye na haki. Pale wote walikuwa na haki, na fedha ilikuwa moja, na tarehe ilikuwa inakuja.

Bi Zuhura ndiye aliyeanza. Akagonga kiti kilichokuwa wazi pembeni yake. "Mwalimu, njoo ukae hapa. Hebu niambie, mvua ikinyesha nyie hupita wapi?"

"Mtaroni. Ukingo wa juu."

"Na hiyo njia ikipanuliwa, gari la wagonjwa linapita?"

"Linapita. Ila kuna kale kabonde katikati, maji yakijaa hata mtu hapiti."

Wakainama wote wawili, Rehema akaokota kijiti, wakaanza kuchora mchangani. Watu wakawazunguka. Mie na penseli yangu nilikuwa nimesimama nyuma, nachungulia juu ya mabega ya watu kama mtoto anayetafuta kuona ngoma.

Kesho yake nikampelekea Injinia Masanja mchoro mpya. Aliutazama mara moja.

"Kwenye bonde unahitaji kalavati kubwa la kupitishia maji chini ya barabara. Fedha ya kalavati iko wapi?"

"Sijaipata bado."

"Zimebaki wiki tano. Wale jamaa wataondoka na fedha yao, na wewe utabaki na jamvi lako la msiba. Na mimi nitawaambia nini watu wa ndani? Huyo aliyejifungulia kwenye bajaji?"

Hakuwa mbaya. Aliuliza swali la kweli. Nilirudi mezani nikafanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya tangu siku ya kwanza: nikasoma mkataba wote wa mradi, neno kwa neno, hadi viambatisho vya nyuma ambavyo mkono wa mtu ulikuwa haujavifunua, kurasa zilikuwa bado zimeshikana. Kwenye kiambatisho cha nne nikakuta fungu la kujenga mitaro ya maji ya mvua, na katika orodha ya mitaro yenyewe, mtaro wetu umo. Fungu lilikuwa chini ya idara nyingine, korido moja kutoka mezani kwangu, na wao walikuwa wamepanga kujenga kingo za zege na makalavati palepale. Miaka miwili tunakutana kwenye chai, hatujawahi kuulizana mnajenga nini.

Injinia Masanja alisoma ukurasa ule mara tatu. Kisha akavaa koti, akachukua mchoro wangu, akaniambia nimfuate. Kwenye kikao na wawakilishi wa wafadhili nilimsikia akisema, kwa ile sauti yake ya kupita kuta, "Hili sisi tulikuwa tunalifikiria tangu mwanzo." Nilitazama chini nisije nikacheka. Wakauliza maswali mengi, wakataka upana uleule, wakataka barua ya wananchi wote wa pande mbili. Barua hiyo Bi Zuhura na Rehema waliizungusha nyumba kwa nyumba kwa siku nne. Ilirudi ofisini imejaa alama za vidole na doa moja la mchuzi.

Ingependeza niishie hapo, lakini nitakuwa nawadanganya. Kusogeza barabara kuliuokoa mtaa wa watu wengi, lakini kukamwangukia mtu mmoja. Kwenye ukingo wa mtaro palikuwa na nyumba ya vyumba viwili na baraza, ya Fundi Bakari, mshonaji. Suti za harusi za Tabata nzima zilikuwa zinapita kwenye cherehani yake. Nilikwenda kumweleza mwenyewe, sikumtuma mtu. Alinisikiliza akiwa anapiga pasi suruali ya mteja, hakuinua macho. Nilipomaliza akauliza, "Hakuna namna?"

"Nimetafuta, baba. Sijaipata."

Siku ya kuweka alama niliomba brashi niandike mwenyewe. Fundi Bakari alisimama nyuma yangu na tepu yake shingoni, akatazama ile X, akasema, "Imepinda. Irudie. Sitaki watu wadhani nimevunjiwa na mlevi." Nikairudia. Alicheka na mie nikacheka, halafu akaingia ndani akafunga mlango, na nilisimama pale barazani muda mrefu nikiwa na brashi mkononi.

Fidia yake ilichelewa kuliko tulivyomwahidi. Akahamia Pugu, ambako hakuna aliyemjua, akaanza upya kutafuta wateja mtu wa umri ule. Barabara ikajengwa, magari ya wagonjwa yakapita, na watu wa Kisimani wakabaki na mtaa wao. Leo nayo ina foleni, mnaijua, na bodaboda wanakatiza Kisimani wakiona jamu, na akina mama wanaweka mawe kuwazuia. Injinia Masanja amestaafu kwao Shinyanga, tunapigiana simu, bado ninaiweka mbali na sikio. Mzee Nandonde tulimzika Newala. Fomu yenu ya sasa ina safu ya waenda kwa miguu, imechapwa kabisa na mashine. Mtu mmoja aliianza kwa kalamu nyekundu, na sasa mnamjua jina.

Fundi Bakari sikumwona kwa miaka. Nilikuwa naogopa, ndiyo kweli yenyewe. Mwaka huu nikaona nimeshastaafu, sina tena ofisi ya kujifichia, nikapanda gari nikaenda Pugu kumtafuta. Nilimkuta kwenye kibanda cha mabati, nywele nyeupe tupu, cherehani ileile. Nikamsalimia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wewe ni yule wa X."

"Ni mie."

Akaniandalia chai. Tukaongea ya watoto, ya magoti, ya bei ya uzi. Sikuomba msamaha kwa maneno mazuri niliyokuwa nimeyatunga njiani. Nilisema tu kwamba nilikuwa namkumbuka. Akapitisha uzi kwenye tundu la sindano bila miwani, mara moja tu, akanitazama kuhakikisha nimeona.

Kisha akanionyesha nje. Njia ya kwenda kwake ilikuwa korongo, mvua zimeila, wateja wanaacha gari mbali wanakuja na suti zao mkononi, viatu vimejaa tope.

"Barabara ile ya kwenu nasikia nzuri," akasema. "Sasa na huku mtatuletea lini?"

Nikamwambia nimestaafu, ofisi ina vijana sasa. Akauliza ghorofa ya ngapi. Nikamwelekeza vizuri, nikamchorea na mlango.

Atakuja Jumatatu asubuhi. Anasikia kidogo sikio la kushoto, kwa hiyo kaeni kulia kwake. Msimpe fomu kwanza. Mpeni kiti, halafu mmoja wenu afuatane naye Pugu, akaipite ile njia yake kwa miguu.